Njoo Unipime

Mwambie Mchaga jambo lolote mwezi wa tano, liwe la ndoa, la shamba au la ugomvi, atakujibu bila kupepesa macho, "Hilo tutaliongea Desemba." Desemba ndipo ndugu wanapopanda mlimani kutoka Dar, Mwanza na kokote walikotawanyika. Magari yanapangwa pembeni ya migomba, mbuzi anachomwa mzima, na mambo ya mwaka mzima yanamwagwa mezani kwa siku chache. Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko Majengo, mjini Moshi, na siwezi kuisema vibaya Desemba kwa sababu ndiyo inayonilisha. Gauni la kipaimara, suti ya bwana harusi, sare za shangazi kumi na mbili wasiolingana maumbo, vyote vinatakiwa Desemba. Lakini kuna wakati nimejiuliza kama hatujamfanya Mungu naye kuwa mtu wa Dar, anayepanda mara moja kwa mwaka na kushuka baada ya mwaka mpya.

Swali hilo lilinijia kwa sababu ya wazazi wangu, ambao kwa maisha yangu yote walikuwa wameoana na hawajaoana.

Kwetu kuna mto, na mto huo ndio uliogawa imani. Ng'ambo hii ni Wakatoliki, ng'ambo ile ni Walutheri, na Jumapili asubuhi kengele za makanisa mawili hujibizana kama wake wenza. Baba alizaliwa ng'ambo hii, mama ng'ambo ile. Walipopendana, babu mzaa baba akasema ndoa itafungwa kwa padri. Babu mzaa mama akasema ndoa itafungwa kwa mchungaji. Hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja. Mahari ilipokelewa, pombe ya mbege ikanywewa, mila zote zikatimizwa, ila kanisa likabaki linaning'inia. Wazazi wangu wakaanza maisha wakitegemea kwamba wazee watalegea, na wazee hawakulegea. Babu mzaa baba alipokuwa anakata roho alimwita baba pembeni ya kitanda, akamwapisha kwamba hatavuka mto kwenda kufunga ndoa. Baba akaapa. Na baba yangu akishasema kitu, hata yeye mwenyewe hawezi kukibadilisha.

Hakumzuia mama kwenda kanisani kwake. Wala hakumtaka ahamie kwa padri; alisema ameoa mwanamke, hakuoa kanisa lake. Yeye mwenyewe aliacha kwenda kokote. Jumapili aliwakatia ng'ombe majani, au akashuka Kahe, kule tambarare, kuangalia mahindi yake. Mama alivuka daraja la miti, akapanda kilima, akakaa kwenye benchi lake. Lakini mwanamke anayekaa na mume bila ndoa ya kanisani hashiriki Meza ya Bwana. Ndivyo utaratibu ulivyo, na mama hakuwahi kuupinga.

Alikaa mwisho wa benchi, upande wa njia. Zamu ya benchi letu kwenda madhabahuni ilipofika, mama hakusimama. Aligeuza magoti yake pembeni, akayabana, ili wenzake wapite. Walipita wazee, wakapita wasichana wadogo waliopata kipaimara juzi, wakapita na wale ambao kijiji kizima kilijua walikolala jana. Mama aliwapisha wote kwa adabu, kisha akayarudisha magoti mbele na kuendelea kuimba. Sauti yake haikuyumba.

Nilipopata kipaimara, ikawa zamu yangu kuyapita magoti hayo. Nilivaa gauni jeupe na viatu vya kuazima. Mama aliniwekea mkono mgongoni na kunisukuma kidogo, kama anayemwingiza mtoto darasani siku ya kwanza ya shule. Nilipokea mkate huku nalia, na watu wakasema mtoto huyu ameguswa na Roho. Nilikuwa na hasira tu. Mama alisema wakati wa Mungu haujafika, na tangu siku hiyo nilikuwa na ugomvi na Mungu juu ya saa yake.

Nami si mtu wa kugombana kimya kimya. Kila Desemba, watoto wote tukiwa nyumbani, nilihakikisha jambo la wazazi linawekwa mezani. Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Dar, aliongea kwa hekima. Dada yangu wa Mwanza aliongea kwa machozi. Wazee wa kanisa waliletwa, mchungaji akaletwa, na mwaka mmoja tukamleta hata mjomba ambaye baba alikuwa anamwogopa utotoni. Baba alisikiliza wote, akawamiminia wageni mbege, akasema, "Nimesikia." Kisha akaenda kuangalia ng'ombe.

Desemba moja nikaona nimepata dawa yake. Kwetu kuna mmea unaitwa isale, wenye majani marefu ya kijani, unaopandwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na kwenye makaburi. Mtu aliyekukosea akikuletea isale, amekuja kuomba msamaha, na humkatalii. Hata kama alikuchomea nyumba, humkatalii. Nikapiga hesabu zangu. Nikakata isale na kikonyo chake, nikafunga fundo kwenye majani, na mbele ya ukoo mzima, mifupa ya mbuzi ikiwa bado kwenye sinia, nikapiga magoti mbele ya baba.

"Baba," nikasema, "kwa isale hili nakuomba uvuke mto."

Kaka yangu akainamisha kichwa, nikajua moyoni anasema huyu dada yetu ni kiboko. Baba alilipokea isale, akaligeuza geuza.

"Umenikosea nini?" akauliza.

Sikuwa nimemkosea kitu.

"Isale huletwa na aliyekosa," akasema. "Wewe umeniletea kama askari anavyoleta samansi."

Akainuka nalo, akaenda mpaka kwenye kaburi la babu, nyuma ya migomba, akachimba kwa panga na kulichomeka ardhini pale pale. Shughuli yangu ikaishia hapo. Aliporudi aliuliza kama kuna supu iliyobaki.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mama jikoni anamenya ndizi. Nilikuwa bado naungua. Nikamwuliza Mungu anasubiri nini, na yeye mwenyewe anasubiri nini, na kama haoni kwamba wote tunazeeka.

"Mimi namsikiliza baba yako," akasema. "Kila mnapomsukuma nasikia sauti zenu. Nasikia ya mchungaji, nasikia za shangazi zako. Yake sijaisikia. Nikiisikia nitajua."

"Na usipoisikia?"

"Nitakuwa nimeenda kanisani."

Nikatoa futi ya kupimia kwenye mkoba, maana fundi hatembei bila futi, nikamwambia basi angalau anipe vipimo vyake. Nitashona gauni taratibu, kwa nafasi yangu, likae kabatini linasubiri. Alinishika mkono kabla sijamzungushia futi kiunoni.

"Usinipime," akasema. "Gauni likishakuwepo litaanza kuidai siku. Siku ikifika nitakuita mwenyewe."

Kila Desemba baada ya hapo nilitoa futi, na kila Desemba alinirudishia mkobani. Ikawa utani wetu, ingawa upande wangu haukuwa utani sana. Nilimwona anapungua. Nimepima watu wengi, jicho langu linapima hata kabla ya mkono, na kila mwaka niliona ule mwili niliotamani kuuvisha unazidi kuwa mdogo. Nilidhani mama anaogopa. Nilidhani neno "wakati wa Mungu" ni blanketi amejifunika asipigwe na baridi ya jibu la hapana. Nimeona watu wengi wakilitumia hivyo. Mtu anaogopa kwenda hospitali, au kumwambia mwenzake ukweli, anasema anangoja wakati wa Mungu, na huku Mungu labda ndiye anayemngoja yeye.

Lakini mama hakuwa amejifunika. Nililiona hilo polepole, kwa kuangalia alivyokuwa anaishi. Hakukosa ibada. Hakutoka kabla ya Meza ya Bwana ili zamu za benchi zipite akiwa nje, jambo ambalo mimi ningelifanya bila aibu. Hakumsema baba vibaya kwetu, wala hakumnunia akitoka kanisani. Alimwombea kwa sauti, jioni, akimtaja kama anavyotaja mvua na ng'ombe na wajukuu, bila kusisitiza. Mtu anayekwepa jambo huwa anazunguka mbali nalo. Mama alikwenda kukaa karibu nalo kila wiki.

Kisha yakaja masika ya mwaka juzi. Mto ulifura ukabeba daraja letu la miti, ukabeba na migomba ya watu wa bondeni. Kule Kahe mahindi ya baba yalilala majini. Mimi nilikuwa Pasua, mtaa ninakoishi mjini, naogopa matope ya kupanda mlimani, kwa hiyo yaliyotokea sikuyaona. Kilichonifikia ni simu tu. Ilikuwa asubuhi ya katikati ya wiki, niko kibarazani nashona sare za shule, mama akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo unipime."

Nikamwambia sijasikia vizuri, kuna mvua juu ya bati.

"Nimesema njoo unipime, mwanangu. Baba yako ameniletea isale."

Nilisimama, sketi ya mtoto wa watu ikiwa bado chini ya sindano. Jirani yangu, mzee anayeuza vifungo na zipu, ambaye huwa anajua habari zangu kabla yangu, aliniona nakusanya vitu akauliza kama kuna msiba.

"Hapana mzee, kuna harusi."

"Ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Mashallah! Anaolewa na nani?"

"Na baba yangu."

Akanitazama, akaona ni afadhali asiulize zaidi. Nilichukua bodaboda mpaka mwisho wa lami, na kutoka pale nikapanda kwa miguu, viatu mkononi.

Mama alikuwa jikoni. Isale lilikuwa juu ya rafu, katikati ya chungu na kopo la chumvi, bichi kabisa. Alinikalisha akanieleza, na baadaye baba naye alinieleza kwa namna yake ya maneno machache. Habari zao zinalingana.

Jumapili iliyopita, kwa kuwa daraja halikuwepo, mama aliamka mapema akazunguka kwa barabara kubwa, safari ndefu kwa mtu mwenye goti linalouma. Baba alikuwa nyumbani, maana Kahe hakukuwa na cha kuangalia ila maji. Mvua ikaanza upya. Alitazama mawingu, akamfikiria mama na lile goti, akachukua mwamvuli na kumfuata. Hakuwa na nia nyingine yoyote. Alifika kanisani ibada haijaisha, akasimama mlangoni, maana kwa miaka yote hiyo alikuwa amekitanua kiapo chake mpaka kikawa kinamkataza hata kuingia ndani. Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Kutoka mlangoni alimwona mama kwenye benchi lake. Aliona benchi linasimama. Aliona mama anageuza magoti.

Njiani walitembea chini ya mwamvuli mmoja mpaka karibu na nyumbani. Ndipo baba akauliza, "Wale watoto wanaopita mbele yako, ni kila mara?"

"Kila mara," mama akasema.

Hakuuliza tena. Siku kadhaa akakata majani mengi kuliko ng'ombe walivyoweza kula. Kisha asubuhi ile akaenda kwenye kaburi la babu, akasimama pale kofia mkononi mpaka mama akadhani anaumwa. Lile isale nililomletea kama samansi lilikuwa limeshika, limekuwa kichaka kizuri. Akakata humo humo. Akaja nalo mlangoni mwa jiko, akamnyooshea mama kwa mikono miwili.

"Nilijua hushiriki," akamwambia. "Sikujua kwamba unawapisha."

Mama akaweka mwiko chini.

"Baba yangu hakuwahi kuliona hilo. Angeliona asingeniapisha. Nisamehe. Nitavuka, uniambie lini."

Mama alipofika hapo kwenye simulizi alikatiza, akafuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na maji. "Aika, Ruwa," akasema, kumshukuru Mungu kwa lugha ya kwao, akanigeuzia mgongo ili nianze na mabega.

Nikampima. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandaa kwa vicheko siku ya kumpima, na nilikuwa nalia mpaka sioni namba. Mabega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Nikauliza nyeupe au ya maziwa. Akasema, "Nyeupe ya nini na matope haya? Nishonee ya bluu." Kisha nilipoinama kupima urefu wa chini akaniambia, "Hapo magotini uniachie nafasi. Nataka kupiga magoti vizuri, lisinibane."

Nikaandika bluu, nafasi magotini. Ndipo mimi, mwenye haraka kuliko wote, mimi niliyegombana na saa ya Mungu tangu kipaimara, nikajisikia nasema, "Lakini mama, si tungoje tu Desemba?"

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Ndugu zangu hawakucheka. Nilipoandika kwenye grupu la familia kwamba matangazo ya ndoa yanaanza Jumapili inayofuata, simu ilipata homa. Kaka alituma ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri. Alisema, na kwa haki alikuwa na hoja, kwamba barabara haipitiki, likizo hana, shangazi hawawezi kusafiri, na kwamba wazazi waliongoja miaka yote hiyo hawawezi kushindwa kungoja miezi michache, wafanyiwe sherehe ya heshima. Dada akamuunga mkono. Kaka akaongeza kwamba mchungaji akiuliza kama kuna mwenye pingamizi, yeye atapiga simu kanisani.

Nilikaa na maneno hayo, nikayapima. Nilijua kwamba baba akiambiwa asubiri, ataingia tena ndani ya ukimya wake, na sikuwa na hakika kama angetoka mara ya pili. Lakini nilijua pia kwamba hofu ya kuchelewa imenidanganya mara nyingi. Kwa hiyo nililiweka isale langu la zamani pembeni ya hili jipya, nikayatazama yote mawili moyoni. Mmea ni ule ule. Langu lilitoka kwa mtu asiyekosa, mbele ya watu, ili mwingine alazimike. La baba lilitoka kwa aliyekosa, mlangoni mwa jiko, hakuna anayetazama, na lilimgharimu neno alilompa marehemu baba yake. Na mama, ambaye kwa miaka yote aliirudisha futi yangu mkobani, safari hii alikuwa ameiita. Sikuhitaji ishara nyingine. Nilikuwa na uhakika kuliko nilivyowahi kuwa na uhakika wa kitu chochote, na uhakika wenyewe haukuwa na haraka ndani yake.

Kabla sijajibu, mama aliniomba simu. Akaishika mbali na mdomo kama anayeogopa itamuuma, akabonyeza nilipomwonyesha.

"Wanangu, hamjambo. Baba yenu ameniletea isale. Nimelipokea. Sasa mnataka nimwambie akae nalo mkononi mpaka Desemba?"

Kisha kaka akaandika, "Shikamoo mama. Nimeelewa. Nakuja."

Baba alikwenda kwanza kwa padri, kuaga. Alisema hawezi kuhama nyumba bila kumwambia mwenye nyumba. Wakanywa chai, padri akamwombea, wakaagana vizuri. Kisha mwinjilisti wa kwetu akawa anakuja jioni kumfundisha, na baba akawa anambishia kila somo kwa furaha kabisa. Mama aliambiwa kwamba siku ya ndoa atatangazwa kuwa amerudi kundini. Hilo lilimkera. "Mimi kundini sijatoka hata Jumapili moja," akasema, na mchungaji, ambaye ni kijana mwenye akili, akaahidi kutafuta maneno mengine.

Majina yao yalisomwa kanisani Jumapili tatu kama utaratibu unavyotaka. Siku ya kwanza, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, bibi mmoja wa kwaya ya zamani akajibu kwa sauti kutoka nyuma, "Pingamizi ni kwamba wamechelewa!" Kanisa likaangua kicheko, na mama akacheka kuliko wote.

Mimi sikuona kwamba wamechelewa, na hilo lilinishangaza. Sisemi Mungu ndiye aliyebeba daraja. Watu wa bondeni walipoteza migomba yao kwenye maji yale yale, na sitakwenda kuwaambia kwamba ilikuwa ili baba yangu achukue mwamvuli. Ninachokisema ni kidogo zaidi, na nakisema bila kutetemeka: hakuna Desemba ambayo ingemwonyesha baba yale magoti. Desemba alikuwa na wageni. Desemba alikuwa na mbuzi wa kuchoma na watoto wa kumsukuma. Ilibidi awe peke yake, mlangoni, amekuja kwa sababu ya upendo wa kawaida wa kumletea mtu mwamvuli. Nilikuwa nimemwomba Mungu amvunje baba, na Mungu alimngoja mpaka aje mwenyewe. Sasa nikingoja jambo, najiuliza kama bado naenda kukaa karibu nalo kama mama, au nimelikimbia na kumsingizia Mungu.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kaka alikuwa amefika jana yake, suruali imejaa matope mpaka magotini, amebeba keki iliyobonyea upande mmoja. Dada alikuwa kwenye simu ya video, kaka ameishika juu ili aone. Hakukuwa na turubai wala mbuzi wa kuchoma. Majirani walipika machalari, ndizi na nyama, sufuria mbili kubwa, wakazifunika kwa majani ya migomba. Baba alivaa koti ambalo nilikuwa nimelipunguza mabega. Mama alivaa bluu.

Walisimama mbele, wakaulizwa, wakajibu. Baba alijibu kabla swali halijaisha. Mchungaji akasema kwamba mama yetu, ambaye hakuwahi kutoka nyumbani, leo anakaribishwa mezani pamoja na mume wake. Kulikuwa na viti viwili vimepambwa pembeni ya madhabahu, lakini mama alimnong'oneza mchungaji kitu, akamshika baba mkono, wakarudi mpaka kwenye benchi letu. Nilimsikia anamwambia baba, "Nataka nitokee pale pale." Baba akaingia ndani ya benchi, karibu yangu. Mama akakaa mwisho, upande wa njia.

Ibada ya Meza ya Bwana ikaanza. Benchi baada ya benchi, watu walikwenda na kurudi. Mvua ilipiga bati, kwaya ikapandisha sauti ili isizidiwe. Kisha mzee wa kanisa akaja akasimama kwenye benchi letu na kutupa ishara kwa mkono. Sote wa upande wa ndani tukasimama, baba wa kwanza.

Mama akageuza magoti yake pembeni, akayabana.

Hakuna aliyepita. Yeye alikuwa anatazama mbele, anaimba, amewapisha watu kama alivyowapisha maisha yangu yote, na hakugundua. Mzee wa kanisa akabaki na mkono wake hewani. Kaka akashusha simu.

Baba aliinama mpaka karibu na kitambaa cha kichwa cha mama.

"Mama," akasema, "leo sipiti. Tangulia."

Mama aliangalia magoti yake kama ya mtu mwingine. Kisha akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakitikisika, sikujua kama anacheka au analia, nadhani hata yeye hakujua. Akayarudisha magoti mbele, akashika benchi la mbele, akasimama. Akaenda mpaka madhabahuni na baba nyuma yake, akapiga magoti, na gauni likamwachia vizuri, kama tulivyopima.